Nyuzi Kumi na Mbili za Mvua

Asubuhi za Tunduma zina ukungu wa aina mbili. Upo unaoshuka kutoka juu, na upo unaotoka kwenye mabomba ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Chumba changu cha kazi kiko ghorofani, juu ya duka la mabegi, na dirisha linatazama foleni. Malori yale hayaendi wala hayasimami. Unakunywa chai, unainua macho, lori jekundu limesogea kiasi cha upana wa mlango. Unainamia kompyuta, unainua tena, lori limekuwa la bluu. Nimekaa sana na foleni hiyo, hata nikienda mahali pasipo na malori naona kama saa imesimama.

Hapo dirishani ndipo nilipopewa kazi ya kugawa kitu kisichoshikika kwa watu nisiowaona.

Mtandao wetu ulikuwa unakusanya mvua. Si maji, ni vipimo. Mkulima anaweka kopo uwanjani, asubuhi anapima maji yaliyomo kwa rula, anaandika kwenye simu: milimita nane, milimita thelathini, sifuri. Vipimo vya watu wengi vikiungana, unaiona mvua ilikopita, kijiji hadi kijiji. Hatukuwa na fedha za kuwalipa wapimaji. Tuliwaahidi kwamba mtandao ukishasimama imara utatoa tokeni zake, sarafu za kwenye simu, na sehemu kubwa watapewa wao bure. Mwenye tokeni angekuwa na kura katika mambo ya mtandao, na akitaka angeziuza. Vijana wa mjini wanaita mgao wa namna hiyo eadropu, na wanaujua kuliko wanavyojua majina ya shangazi zao. Kila mpimaji alikuwa na pochi yake, yaani akaunti ndani ya simu, na pochi haina jina la mtu. Ina mstari wa herufi na tarakimu, kama mtoto amekalia kibodi.

Wenzangu walikuwa watatu, nawajua kwa sauti tu. Kazi ya kuamua nani apate na nani asipate waliniachia mimi. Walisema, wewe unawajua watu wa huko. Nilifurahi, nikajiona hakimu.

Kugawa ni kuota ndoto na kuwa polisi kwa wakati mmoja. Ukigawa sawa kwa kila pochi, mjanja anafungua pochi hamsini. Ukigawa kwa wingi wa vipimo, mwenye simu nzuri na bando lisilokata anamzidi mama anayepanda kilima kutafuta netiweki. Ukitangaza siku ya kuhesabu, watu watajaa siku hiyo, kesho yake huwaoni. Ukitoa zote kwa mpigo, zitauzwa kabla jua halijazama, na aliyechelewa kusikia habari atabaki na tarakimu zisizonunua hata kiberiti. Basi nikapanga. Siku ya kuhesabu iwe siri. Mgao utoke kidogo kidogo, kwa misimu mitatu. Fungu likue kadiri mtu anavyopima, lakini kwa mwendo unaopungua, ili aliyepima mara mia asimmeze aliyepima mara thelathini. Niliyapenda mahesabu yale, jamani. Mvua ilikuwa inanyesha, malori yanang'aa chini ya dirisha, nami nawaota watu wa Mkwajuni, wa Galula, wafugaji wa Momba kwenye joto la bondeni, kila mmoja anaamka na kukuta fungu lake limemfikia bila kuliomba. Niliweza kukaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Likabaki jambo moja tu. Nitajuaje kwamba pochi moja ni mtu mmoja?

Namba ya simu haikufaa. Mpakani hapa kila mtu ana laini mbili, ya huku na ya kule, na wengine wana ya tatu ya kumkimbia mke. Mama wa matunda chini ya dirisha langu anauza kwa shilingi na kwa kwacha, anamwambia huyu "mulishani" na yule "za asubuhi" ndani ya pumzi moja. Ukihesabu laini, Tunduma ina watu mara mbili ya waliopo.

Mtaa wa pili kulikuwa na fundi simu, kijana mcheshi, aliwahi kunibadilishia kioo kwa bei ya kuniheshimu. Siku moja nikaona kwenye ramani pochi nyingi zimerundikana pale pale kwenye kibanda chake, na zote zinaripoti mvua. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na moja. Siku hiyo mimi nilikuwa nimeanika mashuka, yakakauka kabla ya saa nne, na vumbi likayageuza ya kahawia. Nikashuka ngazi na kandambili zangu. Nikamkuta amepanga simu za wateja mezani, anaandika mvua kwenye moja, anahamia nyingine.

"Hii mvua imenyesha wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Dada, mvua ni ya Mungu. Nani anaihesabu?"

"Mimi."

"Basi hesabu na hizi."

Nilipanda ngazi damu inachemka. Mimi nina hasira za karibu, nasema mwenyewe kabla sijasemwa. Alasiri ile ile nikaandika kanuni tatu bila kukaa chini. Simu moja, mtu mmoja. Pochi zikikutwa nyingi ndani ya simu moja, zote zinafutwa, hata ya mwenye simu. Na atakayefungua pochi ya mtu asiyekuwepo anapoteza vyote, hata alichopima kwa haki. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa Dar es Salaam, akauliza kama si kali mno. Nikamwambia samaki mmoja akioza, mengine unayajua. Kanuni zikatangazwa kwa wapimaji wote, kwa ujumbe mmoja mrefu ambao sikujali nani atausoma.

Msimu wa pili ulipokwisha, tukahesabu. Nilipitisha kanuni zangu juu ya orodha nzima asubuhi moja, huku nakunywa chai. Mashine ikawa inaniletea pochi zilizokutwa ndani ya simu moja, kundi baada ya kundi, na kazi yangu ikawa kubonyeza: futa. Kundi la fundi simu nililibonyeza kwa raha. Mengine nikayabonyeza kwa mazoea. Moja lilikuwa na pochi kumi na mbili, zote zinaandikwa ndani ya robo saa ile ile, na mara nyingine vipimo vya siku nne vinaingia kwa mpigo. Nikasema, hawa ndio wezi waliobobea. Nikabonyeza, nikamimina kikombe cha pili.

Siku tatu baadaye mama mkubwa akanipigia.

Mama mkubwa ni dada wa kwanza wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Mama alikuwa anauza nguo ng'ambo, Nakonde, akaolewa huko huko, mimi nikakulia Iyula kwenye mibuni na migomba. Habari za kopo na mvua alizisikia kwangu. Nilimwelekeza kwa simu, nikamtumia na simu ya kupapasa kwa kondakta wa basi. Sikuipeleka mwenyewe. Kutoka Tunduma hadi Iyula hata nusu siku haiishi, na nilikuwa sijatia mguu huko kwa misimu miwili. Kila mwezi nilikuwa naenda mwezi ujao.

Kwa kawaida ananianza kwa utani, ananiuliza kama nimejifunza kupika ndizi au bado nalishwa na wauza chipsi. Siku hiyo hakutania.

"Mwanangu, tumefutwa."

"Nani amefutwa?"

"Sisi, wanawake wa huku. Tuko kumi na mmoja pamoja na mimi. Simu ni hii yangu, wao hawana, nilikuwa nawaandikia. Jana walikuja wote wakakaa uani. Hawakugomba. Waliniuliza tu nimeyaweka wapi."

"Umeyaweka wapi nini?"

"Mafungu yao, mama. Wanasema mtandao haumfuti mtu bure. Wanasema nimekula."

Nilisikia kuku upande wake wa simu, na mtu anapita, na hakuna aliyemsalimia. Mama mkubwa ni mtu ambaye majirani humwachia funguo wakienda msibani mbali. Mjane, karibu miaka sabini, magoti yanamsumbua, shamba limekuwa dogo. Alichobaki nacho kikubwa ni kuaminiwa, na kule kwetu ukishaitwa mla vya wenzako, hata chumvi huombi ukapewa.

Nikafungua kompyuta huku bado anaongea. Lile kundi la pochi kumi na mbili lilikuwa Iyula. Yeye kasema kumi na mmoja, nikadhani amekosea kuhesabu. Nilijisikia vibaya mpaka masikio yakapata moto. Mkuki ule nilikuwa nimeuchonga mwenyewe, kwa ajili ya nguruwe.

Tulikuwa tumeacha siku saba za malalamiko. Nikawaita wenzangu, nikawaeleza. Yule wa Dar es Salaam akasema, kwa upole ulioniudhi, "Tutajuaje kwamba ni wanawake kumi na mmoja, na si mwanamke mmoja mjanja?"

"Kwa sababu nawajua."

"Kanuni yako haikusema 'isipokuwa ninaowajua'."

Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa siku nzima. Kesho yake nikapanda basi.

Ulikuwa wakati wa kipupwe, kahawa imeanza kuiva. Niliposhuka barabara kuu na kuchukua bodaboda, ukungu ulikuwa umelala juu ya njia, na dereva akaendesha polepole akipiga honi mahali pasipo na mtu. Mashamba hayakuonekana, yalisikika. Kikohozi upande huu, ndoo inawekwa chini upande ule, wanawake wawili wanazungumza Kinyiha juu ya mtoto fulani anayekataa uji. Mara tawi linajitokeza lina punje nyekundu, linapotea. Nilikuwa nimefumba macho nusu, na nikajikuta nina miaka tisa, nimebebwa mgongoni, sijui nani amenibeba. Dereva akaniuliza nashuka wapi. Nikamwambia mbele, pale pale pa zamani, kana kwamba angepajua.

Mama mkubwa alikuwa mlangoni. Nikapiga goti, nikamwamkia, akaitikia marahaba na kunishika kidevu. "Umekonda," akasema. "Au ni suruali?" Kisha akaingia ndani mbele yangu, na utani ukaisha.

Nilimwambia nataka kujua walivyokuwa wanapima, tangu mwanzo. Akanielezea kama mtu anayeeleza namna ya kusonga ugali, akishangaa kidogo kwamba inabidi kuelezwa. Kila mwanamke alikuwa na kopo lake, uwanjani kwake. Rula ilikuwa moja tu, na wengine macho hayaoni vile vistari. Kwa hiyo kila mmoja akiamka anachuma bua la nyasi za bondeni, zile zenye tundu katikati, analichovya ndani ya kopo mpaka chini, na pale maji yalipoishia analikata kwa kucha. Kipande kile ndiyo mvua yake ya siku hiyo. Anapokwenda shambani anapita kwa mama mkubwa, anakiacha kizingitini, mahali pake. Mama mkubwa anakipima kwa rula, anaandika.

"Na netiweki ikikosekana?"

"Si ndiyo maana ya nyuzi."

Netiweki ya pale hukata siku tatu, siku nne. Vipande vingechanganyikana, mvua ya Jumatatu ikawa ya Alhamisi. Basi akawa anatunga kila kipande kwenye uzi, kwa kufuatana, kupitia lile tundu la katikati. Siku isiyo na mvua, fundo. Kila mwanamke na uzi wake, na mwanzoni mwa uzi kipande kidogo kilichochanwa kwenye kitenge cha mwenyewe, ili ujue ni wa nani hata gizani. Netiweki ikirudi, anausoma uzi kwa vidole na kuandika siku zote kwa mpigo.

Zilikuwa zinaning'inia ukutani jikoni, zimeshika rangi ya moshi. Nilizishusha moja moja, nikazilaza sebuleni sambamba, kutoka mlangoni hadi chini ya dirisha la nyuma. Shanga fupi, shanga ndefu, fundo, fundo, shanga ndefu kama kidole. Urefu wa uzi mzima ulikuwa ndiyo mvua yote iliyomwangukia mtu huyo kwa misimu miwili. Nikakaa chini na rula na kompyuta yangu, mguu mmoja umekufa ganzi, nikaanza kulinganisha na yale yaliyokuwa yameandikwa. Yalikuwa yanakubaliana. Palikuwa na makosa ya hapa na pale, na mengi yalikuwa ya upande wangu wa kusoma rula.

Kisha nikaacha kupima, nikawa natazama tu. Jirani wa kilimani na jirani wa mtoni hawakuwa na mvua moja. Siku ya mvua kubwa, uzi wa mtoni una shanga ndefu, unaofuata fupi kidogo, wa kilimani fupi zaidi, na siku ya pili yake kinyume. Uliweza kuona wingu limeingilia wapi na limetokea wapi. Niliiona mvua ya misimu miwili inatembea kwenye sakafu ya saruji, inapanda, inashuka, inamruka mmoja na kurudi kwake kesho. Nikawa nasikia hata mabati. Za fundi simu hazikuwa hivyo. Tarakimu zake zilirukaruka kumi na moja, kumi na tatu, hazina upande zinakotoka. Hapo nikaelewa nilipokosea. Nilikuwa nahesabu simu, wakati kilichopaswa kuulizwa ni mvua yenyewe. Majirani wa kweli hufanana bila kulingana, na mwongo hawezi kulibuni wingu siku mia.

Nilikuwa na furaha ya kitoto. Mama mkubwa alileta viazi, akaruka nyuzi kwa uangalifu wote, akaketi kwenye kigoda. Nami nikaendelea kutazama, na ndipo nikaona nyuzi mbili zilizolingana.

Hazikufanana tu. Zililingana, shanga kwa shanga, fundo kwa fundo, kana kwamba makopo yalikaa uwanja mmoja. Mmoja ulikuwa na kitenge cha kahawia cha mama mkubwa. Wa pili mwanzo wake haukuwa kitenge. Ulikuwa kitambaa cha bluu, kimepauka, kina alama ya mkunjo wa pasi. Niliushika mkononi kwa muda. Ilikuwa sketi yangu ya shule.

"Mama mkubwa. Huu wa nani?"

"Wako."

"Mimi sipimi mvua."

"Kopo lako liko nje ya dirisha la chumba chako. Nilikuwa nakupimia."

Nilihesabu nyuzi, ingawa nilishajua. Kumi na mbili. Alifungua pochi kumi na moja za wanawake walio hai, wanaochuma kahawa mita chache kutoka pale, na ya kumi na mbili akaifungua kwa ajili yangu mimi niliyekuwa ghorofani Tunduma natazama malori.

Hasira zangu zikanipanda, na nilimfokea mtu aliyenilea. Nilimwambia ameharibu kila kitu. Nilimwambia iko kanuni, imeandikwa, aliyefungua pochi ya mtu asiyekuwepo anapoteza vyote, na kanuni hiyo niliiandika mimi kwa mkono huu. Nilimuuliza angewezaje. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akimenya kiazi.

"Kopo lilipokea mvua au halikupokea?" akauliza.

"Lilipokea."

"Basi sijadanganya kuhusu mvua."

"Umedanganya kuhusu mtu."

"Hilo sikulifikiria," akasema. "Mwanzoni mlisema kila mtu wa nyumba anayetaka kupima ana haki yake. Nyumba hii ina watu wawili. Kila asubuhi nilikuwa nagonga dirisha lako kwanza, ndipo nachovya bua."

Nikatoka nje. Kopo lilikuwepo, la maziwa ya unga, limekatwa mdomo, limeegemezwa mawe matatu yasipinduke na kuku. Ndani kulikuwa na umande na jani moja la mbuni. Nililia pale, nasema wazi, nililia kwa sauti, na hakunifuata. Ningeweza kuuficha ule uzi. Ningesema pochi ya kumi na mbili ilifunguka kwa bahati mbaya, na mwenzangu wa Dar es Salaam angeniamini. Lakini wanawake wale kumi walikuwa wanaangalia kama kuna mtu anakula kisirisiri, na mimi ningekuwa mtu huyo. Fundi simu naye, nikimwambia mvua ina mwenye kuihesabu, ningemtazama na macho yapi?

Niliporudi ndani, alikuwa ameshazikunja nyuzi zote isipokuwa ule wa bluu.

"Wenzangu watapata?" akauliza.

"Nikiwaonyesha nyuzi, watapata. Si wao tu, hata vikundi vingine vilivyofutwa kwa sababu ya simu moja. Nitabadilisha namna ya kukagua, kwa wote."

"Na mimi?"

"Ile kanuni ya tatu siwezi kuigusa. Nikiigusa leo, nimeigusa kwa ajili yako."

"Usiiguse," akasema. "Ila uwaambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba sikula."

Alasiri ukungu ulikuwa umeinuka. Tuliwakuta wanawake kwenye mashine ya kumenya kahawa, wamekaa juu ya magunia, miguu yao imejaa maganda mekundu. Nilisimama mbele yao nikaeleza. Kwamba kanuni iliyowafuta ni yangu. Kwamba niliwaona kama alama kwenye kioo, nikabonyeza. Kwamba fungu la kila mmoja litarudi, kidogo kidogo, misimu mitatu. Na kwamba mama mkubwa hakula kitu cha mtu, ila alimwandika mtoto wake ambaye hakuwepo, na kwa hiyo yeye hatapata chochote.

Mwanamke mmoja, yule wa mtoni mwenye shanga ndefu, alinitazama kuanzia viatuni.

"Mwenye kutupimia sote ndiye asiyepata?"

"Ndiyo, mama."

"Na aliyeandika hivyo ni wewe?"

"Ni mimi."

Alisogea kwenye gunia lake, akaacha nafasi, na mama mkubwa akaenda akakaa pale. Mtu mwingine akampa kikapu akaanza kuchambua nao. Mimi nilibaki nimesimama na hakuna aliyeniambia nikae. Sikuwalaumu.

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado lipo. Nilituma picha za nyuzi, nikatuma maelezo ya kukagua mvua badala ya simu, nikasubiri karibu na dirisha la nyuma ambako netiweki hushika. Wenzangu walijibu kwamba wamekubali. Zikabaki pochi mbili za kufuta kabisa, kwa fomu. Ya kwanza, ya mama mkubwa, nikaijaza kama kanuni inavyotaka. Ya pili ilikuwa yangu. Vipimo vyake, kama vya mama mkubwa, havikukosa hata asubuhi moja, jambo ambalo sikuliona kwa mpimaji mwingine yeyote kwenye orodha. Chini kulikuwa na nafasi ya sababu.

Niliandika neno moja, nikabonyeza.

Mama mkubwa alikuwa anamimina chai. "Umeandika nini?"

"Nimeandika: hakuwepo."

"Ni kweli," akasema, akanisogezea sukari.